Mwanamke wa Nne

Saa kumi na moja alfajiri, mjini Łódź, theluji imegeuka tope.
Kiwanda cha pamba kilichofungwa kabla sijazaliwa
leo kimetundikiwa bendera ya nchi isiyopo:
kijivu, na jicho la njano katikati.
Msichana mwenye orodha anapuliza vidole, anasoma:
«Pietras, Jagoda. Mwanamke wa Nne.»
Naitikia kwa sauti kubwa mno, watu wanageuka.

Nina maneno matano katika tamthilia nzima:
Mume wangu hakurudi jana usiku.
Nimeyasema kwenye tramu, nimeyasema bafuni,
nimemwambia paka wa jirani, akaondoka zake.

Fundi wa mavazi ananibana sare kwa pini mgongoni.
«Usipumue sana,» anasema, pini mdomoni.
Kisha kijana wa vifaa ananifunga mkononi
mashine nyeusi ya dola katili,
ihesabuyo hatua za raia, na kulia mtu akisimama.
«Tumezipata kwa bei ya kutupa,» anajisifu. «Mzigo mzima.»

Naigeuza. Kamba ile ile, kifungo kile kile kilicholegea.
Hadi Ijumaa iliyopita niliivaa ndugu yake
katika ghala la vifurushi nje ya mji, zamu ya usiku,
rafu za sabuni na chakula cha mbwa.
Ililia nikienda chooni.
Ililia nikiinama kufunga kiatu.
Mama bado anaivaa. Huu ni mwaka wa tisa.

Kipaza sauti cha serikali kinakohoa, kinaghani:

     Simama hapo ulipo,
     usiulize kilipo,
     kilichokuwa hakipo,
     nambari ndiyo amani.

Foleni inasogea. Wenzangu wanatazamana
kila mmoja akitafuta woga usoni kwa mwenzake.
Mwongozaji, Bwana Remigiusz, anakatisha kazi,
anakuja akiburuta skafu kwenye tope.
«Wewe, wa nne. Umefundishwa wapi?
Hivyo unavyouangalia mkono bila kuuangalia,
wiki nzima nawaomba hawa, hawajaweza.»
Nimesoma maigizo miaka miwili, jioni, kwa mkopo.
Ningeweza kumtaja mwalimu wangu, angefurahi.
«Ni mazoezi tu, bwana,» nikasema.
Wala sikudanganya: usiku mia nne na kitu.

Mchana, supu ya bitiruti. Mapumziko dakika arobaini!
Nikala kwa dakika sita, kama nilivyozoea,
zilizobaki sikujua nizifanyie nini.
Askari wa dola, kofia ya chuma mapajani,
akanisogezea mkate, akanionyesha picha ya bintiye
aliyeota jino.

Maneno yangu niliyasema mara saba.
Mara sita sauti ilinikatikia kwenye «jana».
Ya saba ilitoka nzima, ikanishinda mwenyewe,
na mtu nyuma ya kamera akafuta pua.

Miezi minane. Sehemu ya tatu, dakika ya kumi na saba.
Mama yuko kitini, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.
Nimemwambia: sasa, Mama, sasa hivi.
Na maneno yangu hayapo. Wameyakata yote matano.
Nimebaki mgongo,
halafu mkono, mkono peke yake,
umejaza kioo kizima cha televisheni.

Nikasubiri. Hakusema vizuri, hakusema pole.
Aliegemea mbele hadi maji yakamwagika.
«Umeifunga chini mno, Jagoda. Itakula mfupa.
Ipandishe vidole viwili. Hivi.»
Akanishika kifundo, akapima kwa vidole vyake,
akapandisha kitu ambacho hakikuwepo.

Kwenye kioo foleni ilikuwa bado inasogea.
Saa tatu usiku akajifuta miguu,
akatafuta soksi ya pili chini ya kiti,
akauliza kama sehemu ya nne ni Jumapili.
Kisha akaenda zamu.